Mwiko Ilibaki Butembo

Miye nilikuwa nataka kitu moja tu: siku mbili bila kushika mwiko. Hapana gari, hapana pagne ya bei kali, hapana nyumba ya étage. Siku mbili za kukaa ku meza, mutu aniletee sahani, nikule, niiache pale pale, mutu mwingine aioshe. Kama ile ni zambi, Mungu anisamehe, juu mpaka leo naona ilikuwa ombi ndogo sana.

Jina yangu ni Jokébed, mais hapa Butembo mwanamuke akizaa, jina yake inalala, ya mutoto inaamuka. Donc niko Mama Léa. Nyumba yetu iko karibu na kanisa, na kila mugeni wa pasteur anapitiaka kwangu kwanza: baimbaji, bashemasi, bahubiri ya Lubero benye wamelowa mvua. Bwana yangu Éliakim anauzishaka mabati na misumari, na bafanyakazi yake bote banakula kwangu midi. Kisha kuko batoto, Léa na kaka yake Nzanzu, benye kukula sawa vile banalipwa mushahara ya kukula. Miye naamuka na mwiko, nalala na harufu ya mwiko mu mikono.

Siku moja mu vacances kubwa, Éliakim akaingia na kicheko mpaka ku masikio. Kule Beni kuko hôtel mupya, banaiita Joie des Familles, yenye parc ya michezo: toboggan ya batoto kuteleza, piscine ya kuogelea, mitumbwi ya batoto, ata train ndogo. Benyewe balinunua mabati kwake, na juu aliwapunguzia bei, balimupa chumba kubwa ya siku mbili, yeye na familia yake.

"Bure?" nikauliza.

"Bure kabisa. Chumba. Chakula munajilipia."

Miye nilisikia neno ya kwanza, yeye alisikia ya mwisho, na shida yote ilianzia pale.

Ile juma nilikuwa naimba. Nilipiga pasi robe yenye nilivaa ku harusi ya ndugu yangu, ile ya bleu. Nilikuwa nimeweka pembeni feza kidogo ya kuuzisha bitunguru, kimya kimya, juu ya kulipa frites, viazi ya kukaanga, yangu mwenyewe mu restaurant bila kuomba mutu. Niliwaambia majirani kama siku ya ine mutu asinitafute. Mama mumoja akaniuliza nitafanya nini kule. Nikamujibu: nitakaa. Akangojea nimalizie, mais sentensi ilikuwa imeisha.

Siku ya tatu mangaribi, Éliakim akarudi toka soko na pikipiki mbili, moto moja mbele na moto ingine nyuma. Ya mbele ilibeba gunia ya viazi ya Lubero. Ya nyuma ilibeba bunga ya mihogo, maharagi, bitunguru, bidon ya mafuta ya mawese, samaki ya chumvi yenye kunuka mpaka kwa pasteur, na mufuko ya makala.

"Papa Léa, hii makala ni ya nini?"

"Ya mbabula."

"Na jiko yenyewe, ile mbabula, iko wapi?"

"Nimeipanga mu carton ya télé, batu wasijue."

Nilikaa chini. Nikamuambia polepole, vile tunasemesha mugonjwa, kama ku hôtel kuko restaurant.

"Ulishaona bei ya sahani moja ya frites kule?" akasema. "Kwa ile bei miye napata gunia. Na gunia njo hii."

"Na nani atapika?"

Akaniangalia na huruma, sawa mutu mwenye ameulizwa jua inatokeaka upande gani. Akaanza kufunga gunia na kamba.

Kamba ilikuwa bado haijakaza, mama yake akaingia. Koko Agar alitoka Alimbongo ile siku na lori ya viazi, juu alisikia tunasafiri na hakuna mutu mwenye alimuambia asikuje. Yeye ni mama shemasi. Anasemaka kidogo, hadanganyi ata ku soko, na yenye anataka inafanyika. Ku mukono ya kuume alikuwa na kapu ya maharagi mapya, poireaux na fromage. Ku mukono ya kushoto, kuku mweupe, amefungwa muguu.

"Mama, karibu. Na hii kuku?"

"Ya mwenye nyumba."

"Nyumba gani?"

"Kule tunaenda kulala."

"Mama, kule ni hôtel. Si kwa mutu."

Akaweka kapu chini, akafikiri. "Hôtel iko na mwenyewe ama haina?"

"Iko naye."

"Basi iko kwa mutu. Mukono mutupu hailambwi, Mama Léa. Miye siwezi lala ku kitanda ya mutu na sijamuletea kitu."

Angalia vile nilikuwa: bwana anabeba chakula juu ya kukwepa kulipa, mama mukwe anabeba chakula juu ya heshima, na bote bawili, mwisho wa njia, banaona sufuria moja na Jokébed moja. Nilikasirika mpaka nikaosha byombo bisafi.

Njo ile usiku niliiba mwiko yangu mwenyewe. Bila mwiko hakuna bugali, bila bugali kwa sisi Banande hakuna chakula, na bila chakula batu banaenda restaurant. Nilikuwa nimehesabu vizuri. Nikaitoa mu kapu, nikaificha nyuma ya kabati. Asubui nikaikuta mu kapu. Nikaitoa tena, nikaiweka juu ya plafond ya choo. Nikaenda kuvalisha Nzanzu viatu, nikarudi, mwiko iko mu kapu, imelala juu ya maharagi sawa haikutokaka. Mara ya tatu taximan alikuwa anapiga klaxon. Nikaisukuma chini ya godoro yangu, nikatoka mbio, nikaingia mu gari na sikuangalia mutu mu macho.

Gari ilikuwa imejaa mpaka Nzanzu alikaa juu ya gunia, kichwa inagonga plafond. Koko Agar alikamata kuku ku magoti. Ku barrière, kijana moja ya jeshi akainama ku dirisha, akaona gunia, makala, carton ya télé yenye inatoa vumbi nyeusi.

"Mama, bozokima?" akauliza na Lingala yake. Alifikiri tunakimbia vita.

"Hapana, chef," Éliakim akasema. "Tunaenda kupumuzika."

"Kupumuzika na makala?"

Éliakim akamupa viazi mbili. Yule kijana akaziangalia, akaturudishia moja, akasema tutaihitaji.

Ku mulango ya Joie des Familles kulikuwa kibao kubwa ya rangi nyekundu: Hapana kuingia na chakula. Hapana kuingia na kinywaji. Mulinzi alikuwa anafungua mifuko ya kila mugeni. Miye nilisoma ile kibao mara mbili na nikasikia utamu mu mwili yote. Nikajisemea, Mungu ni mwema, Jokébed, utakula frites.

Mais mume mwenye kuuzisha misumari hakosi njia. Éliakim akasimamisha gari nyuma ya ukuta, akatugawanyia muzigo. Viazi zikaingia mu sac ya masomo ya batoto, na gunia tupu ikakunjwa juu yao. Maharagi ikaingia mu foronya. Bunga akaiweka mu valise yake ya documents, samaki akaifunga ndani ya Biblia kubwa yenye ina kifuniko ya zip. Mbabula na makala zikabaki mu carton ya télé, juu nani atakatazwa kuingia na télé. Ikabaki kuku.

"Kuku siifichi," Koko Agar akasema. "Tangu lini mutu anaficha zawadi?"

"Mama, mulinzi akiiona ataikula yeye, mbele ya mwenye nyumba."

Ile ilimugusa. Akafungua pagne yake, akaweka kuku ku mugongo, akaifunga vizuri na kichwa ndani, vile alibebaka batoto yake kenda. Tukaenda.

Mulinzi, jina yake Delphin, alikuwa kijana ya kucheka. Alipima valise ku mukono, akasalimia Biblia, akapitisha télé. Kisha akazunguka nyuma ya Koko Agar na sauti ya kubembeleza.

"Oh, mutoto analala. Iko na umri gani, Koko?"

Tukasimama bote. Koko Agar hadanganyaka.

"Miezi nane," akasema. Na ilikuwa kweli.

"Jina yake?"

"Bado hatujamupa."

Pale pagne ikasema *kooo*, chini chini. Delphin akarudi nyuma kidogo. "Analia namna gani hii?"

"Njo sauti Mungu alimupa," Koko Agar akajibu.

Delphin akavua kofia. Akasema Mungu amubariki, na kule Oicha kuko munganga muzuri ya koo. Koko Agar akasema amina, na tukaingia.

Sitasema uongo, ile fasi ilikuwa muzuri. Toboggan ya rangi tatu, mitumbwi ya plastique mu piscine na pagaie yao, kasia ya mbao, na train yenyewe ilikuwa mabati ya bwana yangu, imekunjwa, imepakwa rangi, inavutwa na pikipiki ya pneus tatu. Éliakim akaizunguka akisema "hii ni yangu, na hii pia" mpaka dereva akamuomba atoke mu njia. Batoto balipotea mu michezo ata bila kuaga. Miye nilibadilisha nguo, nikavaa ya bleu, nikaenda ku restaurant peke yangu.

Nikakaa ku meza yenye kitambaa cheupe. Nikaweka mikono juu ya kitambaa. Mbele yangu hakukuwa moto, hakukuwa moshi, na hakukuwa mutu anasema mama, chumvi iko wapi. Nilisikia machozi karibu, na sikuwa bado nimekula kitu.

Gérant, musimamizi wa hôtel, akakuja, monsieur moja wa Lubumbashi, anaitwa Ilunga, cravate yake imefungwa mpaka koo inalia. Ku meza zingine batu balikuwa bamekaa, familia nyingi, na bote banamuangalia na macho mabaya. Sikuelewa kwanza.

"Frites na kuku," nikasema. Nilikuwa nimerudilia ile sentensi mu njia yote.

"Frites, mama, hakuna."

"Basi wali."

"Wali pia."

"Omelette?"

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu bila kuombwa, juu miguu ilikuwa imechoka. Camion ya chakula ilikuwa imezama mu matope tangu jana. Mupishi alikuwa ndani ya camion, juu alikataa batu bamuchagulie nyama. Na bamama ya jikoni, kuona hakuna cha kupika, balirudi mu mashamba yao.

"Donc muko na nini?"

"Mayonnaise," Ilunga akasema. "Na cure-dents ya kuchokolea meno."

Nilikuwa nafikiri kama mutu anaweza kukaa ku meza siku mbili na mayonnaise, na karibu nione kama anaweza, wakati batu balianza kupiga kelele. Moshi ilikuwa inatoka ku dirisha ya étage. Delphin akapita mbio na ndoo. Ilunga akakamata extincteur ya kuzima moto, na sisi bote nyuma yake mu ngazi, na ile dirisha nilikuwa naijua. Ilikuwa yetu.

Ilunga akafungua mulango. Mu douche, Éliakim amechuchumaa mbele ya mbabula, anapepea na Biblia ile ya samaki. Viazi ingine iko mu lavabo, ingine imerudishwa mu gunia. Maharagi iko mu bidet. Na kuku mweupe amekaa katikati ya kitanda kubwa, ku drap mupya, anaangalia batu sawa njo yeye amelipa chumba.

Delphin njo alikuwa wa kwanza kuingia. Akasogea ku kitanda, akaangalia kuku, akaangalia mugongo ya Koko Agar.

"Miezi nane," akasema polepole.

"Nilikuambia kweli," Koko Agar akajibu.

Éliakim akasimama, uso nyeusi na makala, na akaanza kueleza mambo ya bei ya frites. Mais Ilunga hakumusikia. Alikuwa anaangalia gunia. Nyuma yake, mu couloir, familia ya hôtel muzima ilikuwa inaangalia gunia, na mutoto moja akaanza kulia juu ya harufu ya kitunguru. Ilunga akameza mate.

"Mama," akasema, na alisema kwangu, si kwa Éliakim. "Nawaomba. Hii chakula ingetosha batu bote. Munaweza kutupikia?"

Na bwana yangu, Mungu amusamehe, akapata furaha. "Muke yangu? Huyu anapikiaka kanisa muzima. Mama Léa, kunja mikono."

Bote bakageuka. Macho ile yote juu ya robe yangu ya bleu. Nilijua nitafanya nini, na njo ile iliniumiza: nilikuwa nitapika. Batoto ya batu balikuwa na njaa, na miye sijaumbwa na roho ya kukataza mutoto chakula. Nilianza kukunja mikono ya robe. Nikaangalia chini juu batu wasione macho yangu.

"Mungoje," Koko Agar akasema.

Akakamata kuku toka kitanda. Akaambia batoto balete gunia, foronya, valise, yote, baiweke mbele ya miguu ya Ilunga. Akatengeneza kitambaa ya kichwa, akapiga magoti kidogo vile wazee wa kwao banafanyaka, na akamutolea kuku na mikono mbili.

"Mutoto yangu, tumekuja kulala kwako. Hatukukuja mikono mitupu. Hii ni yako na ya nyumba yako. Bwana asifiwe."

Ilunga akaangalia Éliakim, akaangalia miye. Mais kuku ilikuwa inamuangalia, na bageni bote pia. Akaikamata.

"Aksanti, Koko."

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Yote?"

"Yote, Koko."

"Basi ni yako," Koko Agar akasema, na akaamuka. "Pika."

Ilunga akacheka kidogo, akifikiri ni mchezo. "Miye? Mais Koko, miye niko gérant. Ni mama huyu njo—"

"Mama huyu ni mugeni wako. Kwetu mugeni analetaka chakula, hapikaki. Utamupa sufuria mu nyumba yako, batu baseme nini juu ya mama yako mwenye alikuzaa? Mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Leo ni ya kwanza. Ata jembe hapana, ata mwiko hapana. Bibi yako iko wapi?"

"Jeannine? Iko Lubumbashi."

Koko Agar akaangalia couloir, milango ile yote yenye namba, na akamuhurumia kwa kweli. "Byumba hii yote na hakuna bibi. Pole. Basi utapika mwenyewe."

"Sijui kupika, Koko."

"Éliakim atakusaidia."

Bwana yangu akaruka. "Mama, miye pia niko mugeni."

"Weye ulificha chakula ya mwenye nyumba mu douche yake. Shuka."

Akashuka. Nawaambia, nimeona mambo mingi mu ndoa, mais sikuwa nimeona mugongo ya Éliakim inaingia jikoni. Ilunga akavua cravate. Delphin akapewa kisu na gunia ya viazi, na baba bote benye balikuwa banalalamika ku meza bakaitwa moja moja, juu Koko Agar alikaa ku mulango ya jikoni na kiti, na alikuwa anauliza kila mwanaume mwenye kupita kama mikono yake ni migonjwa.

Saa ya bugali, sauti ya Éliakim ikatoka jikoni. "Mama Léa, mwiko iko wapi?"

Nikaangalia plafond. Ile ya hôtel, mupishi aliifungiaka mu kabati yake na kifunguo iko naye mu matope. Balijaribu kijiko, ikakunjika. Balijaribu muguu ya kiti, Koko Agar akakataa. Mwisho Nzanzu akaleta pagaie ya mutumbwi, bakaiosha na sabuni na maji ya moto, na nikaona, kwa dirisha, gérant wa hôtel na muuzisha mabati bamekamata pagaie moja, bawili, banapiga bugali sawa banavuka mutoni. Jasho inatoka. Éliakim akasimama katikati, akaangalia ile sufuria muda murefu, na akasema kitu kwa Ilunga kimya. Ilunga aliniambia kesho yake alisema nini. Alisema: "Na yeye anafanyaka hii kila siku, peke yake."

Kuku haikupikwa. Wakati Ilunga alienda na kisu, ilimutoroka, ikapanda ngazi ya toboggan, ikashuka ya kukaa, na batoto bote bakapiga makofi. Koko Agar akasema imetosha. Kitu chenye alibeba ku mugongo na mutu akaomba Mungu akibariki, hatuwezi kukikula. Ilunga, juu kuku ilikuwa yake, akaitika kama amemuachia Koko. Alikuwa ameanza kuelewa nyumba yake iko na sheria gani.

Kisha Éliakim akatoka jikoni na sahani. Alipita meza ya kwanza, ya pili, akafika kwa yangu. Alikuwa na bunga mu nyusi. Akaweka sahani mbele yangu na mikono mbili, na hakusema kitu, ata neno moja, na kwa Éliakim ile ni ajabu. Bugali ilikuwa na mabonge. Viazi zilikuwa zimeungua upande moja na ingine bado mbichi, na maharagi ilikuwa na chumvi ya kukausha ngozi. Nilikula yote. Nilipanguza sahani na kidole. Machozi ilikuwa inashuka, na Léa akauliza ni nini, nikamuambia ni moshi.

Koko Agar alikuwa amekaa pembeni yangu na sahani yake. Alikuwa anakula polepole sana.

"Tangu niolewe," akasema, "sijaletewa sahani na mwanaume. Ata nilipozaa. Ilikuwa miye naamuka."

Nikamusogezea maji.

"Ile mwiko," akasema tena, na alikuwa anaangalia sahani. "Mara mbili niliirudisha mu kapu. Nilifikiri batoto njo banaichezea. Mara ya tatu nikakuona na macho yangu, unaisukuma chini ya godoro. Nikaingia mu gari."

Nikaangalia mama mukwe wangu, miaka yote hii sikuwa nimemuangalia vile. Yeye akasukuma sahani katikati ya meza.

"Umuambie bwana yako aniongezee," akasema.

Kesho yake camion ikafika, na mupishi ndani, amekasirika, na nikakula frites yangu na fourchette, nikalipa mwenyewe. Ilikuwa tamu. Mais si ile njo naotaka mpaka leo.

Siku ya posho, samedi, tukafunga mizigo. Koko Agar akaenda kusimama mbele ya réception na kapu yake tupu, kimya. Ilunga akamuambia hakuna facture ya kulipa. Akabaki amesimama. Akamuambia Mungu awasindikize. Akabaki. Njo nikamunongoneza monsieur gérant ku sikio kama kapu ya mugeni hairudi tupu, ikirudi tupu ni kusema usikuje tena. Masikini, akatafuta fasi yote. Akatia mayonnaise. Akatia paquet ya cure-dents. Mwisho akatia ile pagaie, juu batoto bote balikataa kuirudisha mu piscine na harufu ya mihogo. Koko Agar akapima kapu ku mukono, akaridhika. "Wasingya," akamuambia, njo aksanti ya Kinande. Ku mulango Delphin akapungia kuku mukono.

Tulifika Butembo mangaribi, na mavumbi mpaka mu meno. Éliakim akajitupa mu kiti yake, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Mama Léa," akasema, "tutakula nini?"

Nilikuwa tayari naenda mu chumba kutafuta mwiko chini ya godoro. Miguu inaendaka yenyewe, haiulizi.

"Éliakim," Koko Agar akaita. Alikuwa amekaa ku mulango, kuku iko ku miguu yake. "Mu jikoni ya nyumba hii, weye umekuwa mugeni tangu lini?"

Koko Agar akaingiza mukono mu kapu, akatoa pagaie, akamuwekea ku magoti.

"Siku mbili zilipita zamani," akasema.

Éliakim akaangalia pagaie. Akaangalia mama yake. Akaniangalia miye, kisha akavua saa ku mukono, akaiweka ku meza, akasimama. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamuambia chumvi aweke kidogo.